Sentensi Tano za Tabitha

Ipo Jumatano moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo huacha ninachokifanya. Kama ninapepeta mchele, nauweka ungo chini. Kama niko kwenye maongezi, hupoteza nilichokuwa nikisema, na watu hudhani ni uzee.

Ulikuja hapa kwangu Magomeni, Kilosa, juzi, ukaniamkia vizuri, ukaniomba daftari langu la zamani la kufundishia vishazi nomino. Ukasema umeanzisha darasa la Kiingereza la watu wazima kule Mikumi, na somo hilo limekushinda. Daftari nitakupa. Lakini kabla hujalifungua nataka ujue kilichotokea nilipokuwa nikilitumia, maana ndani yake hutakiona. Ndani yake utaona mifano mizuri tu.

Siku hizo sikuwa nimefika hata miaka thelathini na mitano. Nilifundisha shule ya msingi pale Mikumi, na alasiri, watoto wakishaondoka, niliwafundisha watu wazima kwenye chumba kilekile, Jumatano na Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na moja. Walikuwa kumi na wanne. Wapishi na wafua mashuka wa nyumba za wageni, walinzi wawili, mama mmoja aliyeuza vitunguu kando ya barabara kuu, vijana waliotaka kuongoza watalii hifadhini, na konda mmoja aitwaye Shabani, ambaye basi lao lilikwenda Dumila kupitia Kilosa alfajiri na kurudi mchana. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamebanwa na mbao, wakiandika kwa penseli.

Nilijiona, mwanangu. Nilikuwa na Kiingereza kizuri na nilijua kuwa ni kizuri. Wazungu wakishuka kwenye magari yao kununua maji, nilipenda kupita karibu ili waniulize kitu, watu wanisikie nikijibu. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Nilidhani waliwasema watu wengine.

Tabitha alikaa dawati la pili, upande wa dirishani. Alinizidi umri kama miaka mitano, kwa hiyo nilimwita dada, darasani na nje. Alizaliwa milimani, kwenye familia ya Kianglikana, akaolewa, akafiwa na mume, akaja Mikumi kufua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni. Msimamizi wake alimwambia akijua Kiingereza cha kutosha atamtoa kwenye karo la kufulia na kumweka mapokezi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni, na penseli aliishika kwa ncha za vidole. Hakuwa msemaji. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza. Nami nikamweka kwenye fungu la wanafunzi wa kawaida, yaani wale ambao mwalimu huacha kuwatazama.

Kishazi nomino unakijua. Ni sentensi ndogo inayoingia ndani ya sentensi kubwa na kukaa mahali pa jina. Sisi kwa Kiswahili tunasema tu sijui alipo, tumemaliza. Mwingereza anataka maneno mengi, na hapo ndipo watu wazima hukwama, kwa sababu wamezoea swali, where is he, yuko wapi, basi wanalibeba swali zimazima na kulipachika ndani ya sentensi bila kuligeuza. Nilihangaika nao wiki tatu. Niliwaambia swali likiingia ndani ya sentensi nyingine huvua viatu mlangoni, haliwi swali tena. Wakacheka, wakaelewa kwa dakika kumi, wakasahau. Mlinzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, huyu Mwingereza mwenyewe hajui, halafu bado anataka asijue kwa mpangilio." Nilicheka sana siku ile.

Basi Jumamosi moja niliwapa kazi ya nyumbani waifanye hapohapo darasani, kwa sababu nyumbani wengi hawakuwa na nafasi ya kuandika. Andikeni sentensi tano, nikasema, zote zianze na I don't know, yaani sijui, halafu mmalizie kwa kishazi nomino. Nikaongeza kwamba waandike mambo ya kweli ya maisha yao. Vitabu vya ualimu vilisema mtu mzima hujifunza vizuri kupitia maisha yake, na mimi nilivifuata vitabu. Wakainama, wakaandika. Nikakusanya madaftari, nikaenda nayo nyumbani.

Niliyasahihisha Jumapili mchana, nimekaa kibarazani, daftari juu ya daftari. Wengi waliandika mambo mepesi. Sijui mvua itanyesha lini. Sijui kwa nini wali wa leo umeungua. Nilipofika kwa Tabitha nikakuta sentensi tano za Kiingereza cha kuungaunga. Nikupe maana yake kama zilivyofuatana. Sijui baba yangu yuko wapi. Sijui kama amekula. Sijui analala kwa nani. Sijui kwa nini mdogo wangu hakufunga mlango. Sijui nani atamkumbusha jina lake akilisahau.

Nimezikariri, mwanangu. Wakati ule sikuzikariri. Wakati ule niliona tu kwamba ya kwanza imekosewa, kwa kuwa aliandika I don't know where is my father. Nikaizungushia duara jekundu, nikachora mshale kuonyesha kwamba is inatakiwa iende mwisho. Ya tatu nikaitia mshale pia. Ya tano nikaipigia mstari, maana tahajia yake ilikuwa mbovu. Chini nikaandika saba juu ya kumi, nikaongeza neno moja la kumtia moyo, Good, vizuri. Nikalifunga, nikachukua la mwenzake. Sidhani kama nilimaliza dakika tatu.

Jumatano iliyofuata ndiyo hiyo Jumatano ninayokwambia. Mvua ilikuwa inapiga bati hata ikabidi nipaze sauti. Niligawa madaftari, kisha nikaandika ubaoni ile sentensi ya kwanza ya Tabitha, bila kutaja jina lake. Niliona kutolitaja ndiyo heshima.

"Hii ameiandika mwenzenu mmoja," nikasema. "Kosa liko wapi?"

Mikono ikainuka. Nikamchagua Shabani, yule konda, kwa sababu alikuwa mwepesi na alipenda kusimama mbele za watu. Akaja ubaoni, akaifuta is kwa kiganja, akaiandika mwishoni, akanirudishia chaki. Tukampigia makofi. Kisha nikawaambia tuiseme wote pamoja, mara tatu, kwa sauti ya kuishinda mvua. I don't know where my father is. Nilipiga mdundo kwa rula juu ya meza ili waende sawasawa. Sijui baba yangu alipo. Sijui baba yangu alipo. Sijui baba yangu alipo. Watu kumi na wanne. Nilimtazama kila mmoja kuhakikisha hakuna anayenyamaza, na Tabitha hakunyamaza. Mdomo wake ulifunguka na kufungika kama midomo ya wengine. Moyoni nikasema, leo wameiva.

Darasa lilipokwisha wengine walitoka mbio kwa ajili ya mvua. Yeye alibaki.

"Mwalimu," akasema, "daftari langu ulilisoma?"

"Nimelisoma, dada Tabitha. Umeendelea vizuri sana. Shida yako ni mpangilio tu."

Akasimama pale, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo.

"Mpangilio tu," akasema.

"Mpangilio tu. Mengine yote yako sawa."

"Asante, mwalimu."

Akajifunika kanga kichwani, akatoka. Daftari aliliacha juu ya dawati. Nililiona, nikalitia kwenye kabati nimpe siku nyingine. Unaona, mwanangu? Mara ya kwanza nilikuwa na kalamu na karatasi, mtu anaweza kusema sikumwona usoni. Mara ya pili alisimama mbele yangu, karibu kama ulivyosimama wewe juzi, akanipa nafasi nyingine kwa kinywa chake. Na mara ya pili ndiyo inayonichoma zaidi.

Jumamosi hakuja. Jumatano hakuja. Nilikasirika, nikawaambia wenzake kwamba hivi ndivyo watu wazima walivyo, wanaanza kwa moto na kuishia na majivu, na nafasi ya mapokezi haimngoji mtu. Mama wa vitunguu alinitazama kama anataka kusema kitu, kisha akainamia daftari lake. Nadhani hata yeye alikuwa na tetesi tu.

Jumamosi ya pili, nusu saa kabla ya kipindi, alikuja Mzee Yoeli. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, wa shule za misheni za zamani, na ndiye aliyetuombea ruhusa ya kutumia lile darasa. Alitembea kwa fimbo na alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka uone aibu wewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Tabitha yupo?"

Nikamwambia hayupo, amekosa vipindi viwili, na watu wazima bwana ndivyo walivyo. Aliacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba kanisani wametangaza. Baba yake Tabitha, Mzee Danieli, ambaye akili yake ilikuwa imerudi utotoni na aliyekuwa akiishi kwa mdogo wake Tabitha huku Kilosa, ametoka nyumbani Jumapili moja asubuhi na hajaonekana. Leo ni siku ya ishirini. Ndugu wamemtafuta milimani, njia zote za kwenda kwao alikozaliwa, kwa sababu walifikiri mzee aliyechanganyikiwa hurudi kwao. Tabitha alificha habari pale kazini na hata kwa majirani, alikuwa na aibu, aliogopa watu watasema wamemtupa mzazi. Wiki iliyopita ndipo alipoomba ruhusa akaenda kuwasaidia ndugu, na jana amerudi mikono mitupu.

Siwezi kukueleza vizuri nilivyojisikia. Nilikwenda kabatini, nikatoa lile daftari, nikalifungua kwenye ukurasa ule, nikampa mzee. Sijui kwa nini nilimpa. Pengine nilitaka mtu mwingine aone, nisiwe peke yangu. Alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole chake kikipita juu ya mishale yangu myekundu.

"Ulisoma nini hapa?" akaniuliza.

"Nilisahihisha, mzee."

"Sikukuuliza kalamu yako ilifanya nini. Nimekuuliza ulisoma nini."

Nikaitazama mishale yangu.

"Mtu amekuambia amepotelewa na baba yake," akasema, "nawe umemjibu kwa neno vizuri. Umemwandikia vizuri, kwa wino. Mimi nimefundisha miaka mingi kuliko umri wako, na nimechapa watoto ambao hawakustahili, na Mungu ananijua. Lakini hili, binti yangu, hili sikuwahi kulifanya."

Akanirudishia daftari, akaondoka bila kuaga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi niliambiwa na mkuu nikiwa nimekwisha kuvunjika.

Wanafunzi wakaanza kuingia. Sikufundisha. Nilisimama mbele yao, nikawaambia mambo yote, kwa Kiswahili, kwamba ile sentensi tuliyoiimba siku ile ya mvua ilikuwa ya dada Tabitha, na ilikuwa ya kweli. Nikawaeleza na huyo baba alivyo, kama nilivyoelezwa na Mzee Yoeli. Mrefu, mwembamba, mguu wa kushoto anauburuta, anapenda kuimba nyimbo za kanisani.

Shabani alisimama. Alisimama polepole, yeye aliyekuwa mwepesi siku zote.

"Ana koti la kijivu?" akauliza. "Limechanika begani?"

Mama wa vitunguu akasema ndiyo, koti hilo analijua, Tabitha ndiye aliyemnunulia baba yake.

"Nimemwona Dumila," Shabani akasema. "Anakaa kwenye magenge ya kuuzia nyanya, anasalimia kila basi linalosimama. Mara ya kwanza nilimwona Jumanne, kesho yake ndiyo ile Jumatano ya mvua. Nikamwona tena Alhamisi, nikampa ndizi. Tangu hapo sikumwangalia tena." Akautazama ubao. "Mwalimu, mimi ndiye niliyeifuta ile sentensi nikaiandika upya. Nimeisema mara tatu kwa kinywa changu. Nilidhani ni maneno ya kitabu."

Shabani akakaa. Na mimi nilikuwa ninahesabu, mwanangu. Jumatano ile ya mvua, kama ningeuliza swali moja tu la kawaida, dada Tabitha, hii ni kweli, Shabani alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwake. Hatua nne. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga. Mimi niliyelipwa mshahara kwa kazi ya kuuliza, sikuuliza.

Tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Tabitha, mimi na Shabani. Alitusikiliza amesimama mlangoni. Aliposikia Dumila alikaa chini kwenye kizingiti, kisha akainuka, akaanza kutia vitu kwenye mfuko, kanga, sabuni, shati la mzee. Siku hiyo hapakuwa na usafiri tena. Jumapili alfajiri tukapanda basi la kina Shabani, sisi watatu, tukapita Kilosa, tukamchukua mdogo wake Tabitha, tukaendelea Dumila. Njia nzima Tabitha alikuwa akilikunja na kulikunjua lile shati. 

Tulishuka, Shabani akatupeleka kwenye magenge. Mzee hakuwepo. Mama mmoja muuza nyanya, mtu mzima, alipomwona Shabani akiuliza, akafuta mikono yake kwenye kanga, akatutazama mmoja mmoja.

"Ninyi ndio watu wake?" akauliza.

Tabitha akasema yeye ni mwanawe.

Yule mama akatukaribisha kwenye benchi, akatuletea maji ya kunywa kabla ya kusema lolote. Hapo nilijua. Mtu anayekupa maji ya kunywa kabla hujaomba, ana neno zito.

Yule mama akasema mzee alifika pale akiwa ameshushwa na lori la mahindi. Alikaa nao siku kama nane. Wanawake wa magenge walimlisha kwa zamu na usiku alilazwa kwenye kibanda cha mlinzi. Ikaja mvua kubwa, akalowana, akapata homa. Walimpeleka zahanati, akafariki Jumanne. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza, watu wakangoja hadi kesho yake, hakuna aliyejitokeza. Wakamzika Jumatano. Kwa kuwa aliimba nyimbo za kanisani, walimwita mchungaji. Jina lake la pili hawakulijua. Kila walipomuuliza alisema yeye ni Danieli wa darasa la tatu.

"Alikuwa na wasiwasi sana," yule mama akasema. "Kila asubuhi aliuliza njia ya kwenda shule. Alisema amechelewa, mwalimu atamchapa. Tulimwambia shule imefungwa, tulia, ule. Ndipo akala."

"Alikuwa anakula?" Tabitha akauliza.

"Alikuwa anakula, mwanangu. Hakulala na njaa hata siku moja."

Tabitha akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayejibiwa maswali mengine ambayo sisi hatukuyasikia. Walitupeleka kaburini. Lilikuwa tuta la udongo mbichi, na mvua ilikuwa imeanza kulishusha upande mmoja. Mdogo wake alilia mpaka akashikwa. Tabitha alipiga magoti, akaupandisha udongo kwa viganja vyake pale ulipoteremka, akaupigapiga ukakaza. Mimi nilisimama nyuma na Shabani. Nilikuwa natafuta neno la kusema katika lugha zangu zote, ya nyumbani, Kiswahili, na hicho Kiingereza nilichokuwa nakiringia. Sikupata.

Kwenye basi la kurudi nilikaa naye kiti kimoja. Tulipokaribia Kilosa nikamwambia, "Dada Tabitha, nisamehe. Uliniandikia na sikusoma."

Akalikunja lile shati magotini.

"Kwa Kiswahili nilishindwa kulitamka," akasema. "Kila nikitaka kumwambia mtu, nilijikuta nasema jambo jingine. Kwa Kiingereza lilitoka. Halikuuma sana, kwa sababu baba hakuwahi kuniita kwa Kiingereza. Nikasema, acha nimwambie mwalimu, yeye ana watu wengi, ataniuliza." Akatazama nje. "Sina kinyongo, mwalimu. Lakini darasani sitarudi."

Hakurudi. Ile nafasi ya mapokezi akapewa mtu mwingine. Miezi michache baadaye aliacha kazi, akahamia milimani kwa wajomba zake akalima. Nilimwandikia barua mbili, sikupata jibu, na sikustahili. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tulikutana hapa sokoni Kilosa. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za watoto, akanunua chumvi yake akaenda zake. Hakuninunia. Alinisalimia kama unavyomsalimia mtu uliyewahi kupanga nyumba jirani naye. Nilisimama pale hadi muuza chumvi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Watu huniambia yule mzee angekufa tu, umri umekwenda, akili imekwenda. Pengine. Lakini kuanzia Jumatano ile ya mvua hadi alipofariki zilikuwa siku sita. Kwa siku sita alikuwa hai, amekaa kwenye benchi, anaimba, saa chache kwa basi kutoka kwa mwanawe, na aliyekuwa amemwona alikuwa mwanafunzi wangu. Angeweza kufa akiwa ameshikwa mkono na mtu anayemwita baba. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu alikuja akakaa, amekuwa mtu mzima ndani ya nyumba yangu.

Nilifundisha miaka mingine zaidi ya ishirini baada ya hapo. Wapo niliowafundisha ambao leo wanaongoza watalii, wapo waliokwenda mbali, na wakiniona hunishukuru hadharani. Nawaitikia. Moyoni sifurahi kama wanavyodhani, maana najua mwalimu aliyewafundisha wao ndiye yuleyule aliyempa Tabitha saba juu ya kumi. Nilijaribu kuwa bora. Kuna siku nilisikiliza, na kuna siku, nikiwa nimechoka, nilijikuta tena natafuta kosa kabla sijatafuta mtu, nikaogopa. Tabia ya mwalimu ni ngumu kuitoa. Wewe nawe unayo tayari. Juzi nilikuona ukimrekebisha mjukuu wangu neno kabla hajamaliza kukueleza kwamba ameumia goti. Sikukwambia pale pale. Nakwambia sasa.

Mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Watu wazima hawaji darasani wakiwa watupu kama watoto. Wanakuja na marehemu wao, wagonjwa wao na aibu zao, na ukiwapa kalamu ukawaambia waandike ya kweli, wako watakaokutii. Basi usiombe ya kweli kama huna nia ya kuisoma. Ukiisoma, isome kwanza kama binadamu aliyeambiwa jambo na binadamu mwenzake, kalamu ikiwa chini. Muulize, hili limetokea? Unaendeleaje? Nani mwingine anajua? Uliza mbele ya wengine kama anaridhia, maana pengine jibu lake limekaa dawati la jirani. Kosa la sarufi halikimbii. Utalikuta kesho pale pale ulipoliacha, na hakuna aliyewahi kuzikwa kwa sababu ya neno kukaa mahali si pake. Mtu anaweza asiwepo kesho. Na siku utakayokosea, kwa kuwa utakosea, usichelewe kwenda mlangoni kwa uliyemkosea, hata kama unajua hatakukaribisha ndani.

Siwezi kukuahidi kwamba ukifanya haya utakuwa na amani. Mimi niliyachelewa na sijui ladha ya amani hiyo. Lakini nakuombea uipate. Mungu akutangulie kila unapoingia darasani. Akupe subira ya kuwatazama usoni wale wasiosema. Akuepushe na sifa za watu zisije zikakuziba masikio. Wote watakaokaa mbele yako, kila mmoja na mzigo wake, wasitoke mikononi mwako wakiwa wapweke kuliko walivyoingia. Nenda salama, mwanangu, ukafundishe.